Mama Hiren na Safari ya Mgori

Kila mwaka kipupwe kikiingia, watu wazima wenye akili zao hapa Singida Mjini huanza kupanga upuuzi. Nawasema wenzangu wa kikundi cha baiskeli, na mimi nimo. Badala ya kujifunika blanketi kama binadamu wengine, tunafunga mizigo kwenye keria, tunapiga pedali hadi ukingoni mwa msitu wa Mgori, tunalala nje kwenye baridi, kesho yake tunarudi midomo imepasuka kwa upepo. Tukiulizwa faida yake, hakuna anayejibu ikaeleweka.

Mipango yote hufanyika dukani kwa Mama Hiren. Jina lake Vimla, Mhindi wa hapa hapa, kazaliwa nyuma ya soko. Duka la spea za baiskeli aliachiwa na marehemu mumewe, Pradeep. Ni mfupi, ukiingia haraka utadhani duka halina mtu, mpaka sauti itoke nyuma ya kaunta: "Nimekuona, Gabrieli. Futa miguu kwanza." Karakana yangu ya kuchomelea vyuma iko mlango wa pili, kwa hiyo nafutishwa miguu karibu kila siku.

Ghorofani anaishi na mama mkwe wake, ambaye sisi wote tunamwita Bibi. Bibi hatoki kitandani siku hizi. Hali chakula isipokuwa cha mkono wa Vimla au wa binti yake wa kumzaa. Wasichana wa kazi walijaribu, akawatupia vikombe. Akitaka kitu hugonga sakafu kwa fimbo. Sisi huku chini tunasikia ngo, ngo, ngo, na Mama Hiren anaacha maneno katikati, anapanda ngazi. Hiren, mwanawe pekee, yuko Dar es Salaam na hupiga simu. Hayo ndiyo maisha ya mama huyu: kaunta, ngazi, kitanda. Inanikera hata kuyaeleza.

Sasa, kikundi chetu kina kanuni moja ambayo sijaisikia kwingine. Mwaka fulani Mwalimu Melkiori, mwenyekiti wetu, alikuwa amenunua baiskeli mpya, na hamu ya kuipanda ikamtoa akili. Mawingu tuliyaona wote, yeye akasema ni moshi. Tulilowa chapachapa, tukalala kwenye zizi la mbuzi huko Mgori, na mbuzi wenyewe hawakufurahi. Tangu hapo tukakubaliana kwamba atakayesema twende au tusiende asiwe msafiri, maana mwenye hamu haoni mawingu. Tukatazamana kutafuta mtu ambaye haendi kamwe, na macho yote yakaishia kwa Mama Hiren.

Alicheka, akasema ni heshima. Basi kila Ijumaa ya safari hupanda kwenye paa la nyumba yake, akatazama mashariki, akatazama Ziwa Singidani kama maji yametulia, kisha hushuka na kutamka. Simu zetu moja husema mvua na nyingine jua, kana kwamba tuko nchi mbili, lakini neno lake ndilo tunalolifuata. Hakuwahi kukosea. Na hakuna aliyewahi kumuuliza kama naye angependa kwenda.

Mwaka huu, safari ikiwa imekaribia, aliniita nyuma ya pazia la duka. Kulikuwa na baiskeli ya bluu, kaiunga mwenyewe, spea hii na ile.

"Nichomelee keria ya nyuma," akasema. "Imara. Ibebe turubai na blanketi."

"Ya mteja gani?"

"Yangu."

Nikadhani anatania. Akaniambia utotoni alikuwa akiiba baiskeli ya kaka yake, anakwenda nayo mpaka Ziwa Kindai na kurudi, na baba yake anajifanya hajaona. Tangu aolewe hakukanyaga pedali mpaka majuzi. Sasa wifi yake, Twinkle, atakuja kutoka Dodoma Ijumaa hiyo ya safari, aondoke Jumapili jioni, na atamtunza mama yake. Nafasi kama hiyo haikuwahi kumwangukia siku ya safari.

"Nimefanya mazoezi uani mpaka kuku wamenizoea," akasema. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona pale dukani. "Usimwambie mtu. Nikishatamka Ijumaa ndipo niseme naenda. Nikisema mapema, Mwalimu ataniletea mambo ya kanuni."

Nilichomelea keria ile kama nachomelea geti la ikulu.

Wiki ya safari hali ya hewa ikaanza vituko. Upepo ulinyanyua mabati ya watu, jambo ambalo Singida hatulishangai, lakini Alhamisi yakaja manyunyu, na huu si msimu wake. Ijumaa nusu ya anga ilikuwa nyeupe, nusu imevimba. Twinkle alikuwa ameshafika na basi la asubuhi. Nyuma ya pazia baiskeli ya bluu ilikuwa imeshafungwa mzigo kwa vipande vya tyubu, tayari.

Tulikusanyika kibarazani tukitafuna chevda yake, ile mikaango ya Kihindi yenye karanga na pilipili. Mama Hiren akapanda juu ya paa. Alikaa sana. Nilimwona kutoka chini, mtandio unapepea, anageuka mashariki, anageuka ziwani, anarudi mashariki. Moyo wangu ulikuwa unapiga kana kwamba mimi ndiye niliyefungiwa ndani miaka yote hiyo.

Akashuka. Akasimama mlangoni.

"Hamwendi," akasema.

"Basi wiki ijayo," akasema Mwalimu Melkiori, akajipangusa mikono. Kwao ilikuwa safari imesogezwa mbele tu. Wakaaga, wakatawanyika.

Mimi sikuondoka. Nilikuwa nimekasirika. "Umeona nini huko juu?"

"Mawingu."

"Hata mimi nimeyaona. Mepesi!"

"Kama nisingekuwa naenda, pengine ningewaambia mwende." Alikaa kwenye kreti lake. "Lakini naenda, Gabrieli. Nilisimama pale nikaona yanafunguka. Nikajiuliza, yanafunguka kweli, au nataka yafunguke? Nikatazama tena, nikayaona mazito. Sikujua niamini lipi. Siwezi kuwapeleka watu kwenye mvua kwa hamu yangu."

"Si ungesema mapema, tukatafuta msemaji mwingine?"

"Ningesema mapema," akakubali. "Sikusema."

Jumamosi kulipambazuka anga safi kama sahani iliyosuguliwa. Upepo wa Singida, usiokosa kazini hata siku moja, ulikuwa umekwenda kusikojulikana. Nilikuwa na hasira hata nikatoboa geti la mtu kwa kuchomelea vibaya. Nikazima mashine, nikaenda dukani. Alikuwa amefungua kama kawaida, anapanga spoki. Juu, Twinkle na Bibi walikuwa wanacheka.

"Shikamoo Bibi!" nikapaza sauti kutoka chini ya ngazi.

"Marahaba!"

Nikamgeukia Mama Hiren. "Twende. Nitamwita Aneth wa kikundini, tuwe watatu, watu wasiseme. Tukitoka sasa hivi, tutafika Mgori bado kuna jua."

"Niwaambie wenzangu wasitoke, halafu nitoke mimi? Nani ataniamini tena?"

"Wasikuamini!" nikafoka. "Wasikuamini kabisa, ndipo utapata kwenda!"

Akanitazama. Kisha taratibu akainuka, akaenda mpaka kwenye pazia, akalisogeza. Nakwambia alilisogeza. Mkono wake ulikuwa umeshashika usukani.

Mwalimu Melkiori akaingia.

Nilimshukuru Mungu, nikidhani amekuja kulalamika. Namjua, akiharibikiwa Jumamosi hanyamazi. Nilitaka amgombeze, amwondolee usemaji pale pale mbele yangu. Lakini Mwalimu alikuwa ameamka na roho nzuri, siku hiyo moja.

"Mama Hiren, najua unajisikia vibaya kwa jua hili," akasema. "Usijali. Kila mtu hukosea. Nimeongea na wenzangu wote, wanasema msemaji wetu ni wewe siku zote. Hatutafuti mwingine."

Mdomo wa Mama Hiren ulifunguka. Nilingoja. Nilikuwa namsukuma kwa macho.

"Asante, Mwalimu," akasema.

Mwalimu akaiona baiskeli. "Hii ya nani, imefungwa kila kitu?"

"Ya mteja," akasema Mama Hiren. Alikuwa ameshauachia usukani. "Alitaka kusafiri. Hakuja kuichukua."

Juu kukagongwa: ngo, ngo, ngo. Twinkle alikuwa huko huko, lakini fimbo ile haikuwa inamwita Twinkle. Mama Hiren akafuta mikono kwenye sari, akapanda ngazi.

Mwalimu akasogea, akapima kiti cha baiskeli kwa kiganja chake. "Mteja mwenyewe mfupi," akacheka, akaanza kuitikisa keria aone kama ni imara. Nilimwambia asiiguse, na kwa jinsi nilivyomwambia, alirudi nyuma mpaka mlangoni.