Mwaka Ambao Mtaa Ulikuwa Chuo

Mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, kwa kuwa alishona sare na mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mkabala na lango la chuo cha serikali. Mwaka mmoja mvua zilipasua kuta za chuo, wakaguzi wakalifunga jengo lote, na wakubwa wakataka kukihamishia chuo nje ya mji.

Mama Cherehani alipopata habari hizo, alimfuata mkuu wa chuo, aliyekuwa amesimama langoni kashika tama.

"Mwalimu, wanafunzi wako wanahitaji nini ili wasome?"

"Paa tu, mama. Paa na ubao."

"Basi njoo uone kwangu."

Siku hiyohiyo alisukuma cherehani hadi jikoni, akapanga mabenchi. Mumewe, mpishi wa hospitali, alirudi kazini akakuta wanafunzi wa uhasibu wamejaa tele.

"Mke wangu, umefungua chuo kikuu?" Akacheka, akaenda kula amesimama.

Seremala naye akatoa karakana yake, kinyozi akatoa chumba cha ghorofani. Masomo hayakusimama, na habari ya kuhama ikafa yenyewe.

Jengo lilipokarabatiwa, wanafunzi walirudi chuoni. Mama Cherehani alikuwa ameshanogewa na masomo aliyoyasikia kutoka jikoni, akajiandikisha darasa la jioni.

"Kwa umri huo?" dada yake alishangaa.

"Mwalimu hajauliza umri," alijibu, "unauliza wewe!"

Akakaa benchi la mbele kabisa, na akahitimu.