Kiingereza Changu cha Neno Moja

Juzi, nyumbani kwangu Masasi, binti yangu alirudi na kazi ya shule akauliza maana ya "scraggy". Mama yake akacheka. "Muulize baba yako, msomi wa darasa la tano."

Nikajibu pale pale, wakabaki midomo wazi. Ndugu yangu, nina nyumba tatu na malori mawili ya korosho, na Kiingereza changu chote ni neno hilo.

Nililipata kwetu Newala, enzi za ruksa, mitumba ilipoanza kutufikia. Mwalimu aliliandika ubaoni, akatafuta mfano darasani, akaniita mbele. Akanipandisha shati kwa rula.

"Wembamba peke yake hautoshi," akasema. "Awe amekonda, halafu anakwaruza. Tazameni mbavu, tazameni ngozi, kama gome la mkorosho. Mnaweza kulitumia kwa mtu, kwa mbuzi, hata kwa shingo ya kuku."

Darasa likalirudia mara tatu huku likinitazama.

Bibi yangu, aliyenilea, kwa utani aliniita mume wangu. Siku hiyo nilipomsimulia hakutania. "Mume wangu hatakuwa mfano wa mtu tena."

Maji yetu yalikuwa bondeni. Unashuka mteremko alfajiri, unapanda na ndoo jua likiwa limeshawaka. Ndoo ile tuliyokuwa tukigawana kuoga ikawa yangu yote. Akanipaka mafuta ya ufuta hadi nikanuka kama kikaango. Jioni akawa anamega matonge mawili ya ugali wa muhogo, kisha anasukuma bakuli la kisamvu kwangu. "Kula, mie nimeshiba moshi wa jikoni."

Nikanenepa, nikang'aa. Mwalimu mwenyewe akaniambia, "Wewe, umeniharibia mfano wangu." Nilirudi nyumbani nikiruka.

Kiangazi hicho bibi alianguka mteremkoni na ndoo kichwani. Wakambeba hadi nyumbani. Nikaacha shule ili nichote maji. Siku ya kwanza nilipomwogesha na kumpaka yale mafuta, kiganja changu kilikwama shingoni kwake. Mifupa mitupu, na ngozi inakwaruza. Nilikuwa nalala naye chumba kimoja, sikuwa nimeona. Hakufika masika.

Sasa bomba liko uani kwangu, maji naoshea malori. Mafuta ya ufuta siyataki ndani ya nyumba. Wananiita mzee, wananiita bosi, mke wangu ananiita baba watoto. Hakuna anayeniita mume wangu.

Binti yangu alitaka pia sentensi ya mfano. Nikamwambia aandike ya mbuzi.