Ndani ya Uzio wa Mamba

Mamba yuko ndani au nje? Mama mdogo aliniuliza hivyo akiwa kwenye maji hadi kiunoni, na mimi nimesimama ufukweni.

Nilikuwa nimetoka nyumbani Nyasho kwenda kumsalimia kijijini kwake, Kibara. Pale wanawake huteka maji ndani ya uzio wa miti iliyochongwa ncha, imepigiliwa ziwani nusu duara, imebanana hata mkono haupiti. Kila nyumba inayoteka hutoa miti yake. Anayefika wa kwanza huingia peke yake na kuutikisa mti mmoja mmoja, wengine wakisubiri nchi kavu na ndoo zao. Niliwahi kuuliza kwa nini asitumie fimbo ndefu. Nikaambiwa fimbo haisikii mti uliooza.

Asubuhi ile wa kwanza alikuwa yeye. Mti wa kona ya mbali ukamfuata mkononi, na wa pembeni yake ukalala. Pengo lilitosha kupitisha mbuzi, na hakuna aliyejua limekuwa wazi tangu lini. Mvua ilikuwa imeyageuza maji rangi ya chai ya maziwa.

Ndipo alipouliza.

"Usitembee," nikamwambia. "Mamba ana mapafu. Kama yumo, lazima apande kuvuta pumzi. Tuangalie kwanza."

"Chuoni wanafundishaga na mamba?" jirani mmoja akasema.

"Mwache mtoto," mama mdogo akamjibu, bila kugeuka. "Na nyie nyamazeni. Nikiogopa, niogope kwa utulivu."

Akasimama pale, ameukumbatia ule mti uliooza. Tukatazama maji. Jani likapita. Povu likapasuka karibu na kiwiko chake, jirani akanikamata mkono. Likawa povu tu. Baadaye kidogo nikagundua kwamba hata mimi nilikuwa nimebana pumzi.

"Hayumo," nikasema baada ya kama robo saa. "Toka, mama."

Akatoka polepole, akiburuza miguu ili asiyarushe maji. Alipofika kwenye mchanga aliketi, kanga ikimchuruzika, akaanza kuikamua.

"Afadhali ulisoma, mwanangu," akasema.

Mchana ule tulipigilia miti mipya. Ilipita miaka kadhaa kabla sijasoma kwamba mamba aliyetulia anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa nzima bila kupanda kuvuta pumzi.