Fundi Anayegonga Ekseli

Fundi wetu wa San Bernardino hachagui ekseli ya mbele kwa macho. Huining'iniza kwa kamba, huipapasa kama anayemtuliza farasi, kisha huigonga kwa nyundo mara moja tu. Chuma kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hukohoa. Jumamosi ile aliining'iniza ile niliyomletea, ya kale hasa, yenye matundu yaliyotobolewa kuipunguzia uzito, kama walivyopenda vijana wa magari ya mbio wa enzi zile. Akagonga. Akainamisha kichwa. Akagonga tena, na tena. Mimi nilisikia kengele safi, lakini sikio langu si lake, na jasho likanitoka: binti yangu Loretta ndiye angelikimbiza gari litakalofungwa ekseli hiyo kwenye mbio za jangwani.

“Vipi, mzee? Ina ufa?”

“Tulia wewe! Kwani una haraka ya kwenda kuzika?” Alitania, lakini hakucheka. Akaegemeza taya yake kwenye chuma, akafumba macho, akagonga kwa nguvu hadi madirisha yakatetemeka. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

“Imelia?”

Nikazikumbuka ekseli zote alizozipitisha mwaka huu, ambazo sasa ziko barabarani.