Siku Niliyojiita Kambale Kule Beni

Haki ya Mungu, aibu hii nimeikalia miaka na miaka, lakini leo naitoa yote, mcheke mpaka mshibe.

Ilikuwa wakati wa vita, harusi yangu na Masika imebakiza wiki tatu, mkojo ukaanza kuniunguza (kosa langu mwenyewe, msiulize zaidi). Nipimwe hapa Butembo? Thubutu! Ukikohoa mtaani kwetu Rughenda, sokoni wanakupa pole. Nikapanda lori la maharagwe mpaka Beni, kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari akafoka, "Ozokende wapi?", nikamwambia naenda kusalimia shangazi, na kufika kituo cha afya, mimi Kasereka, mtoto wa kiume wa tatu, nikajiandikisha Kambale, jina la yule wa pili kwetu Wanande, nikidhani nimejificha kabisa.

Nikatoa mkojo, nikangoja. Muganga akatoka na karatasi: "Kambale!"

Tukasimama watano.

"Ba Kambale ba Butembo!"

Watatu wakakaa. Tukabaki mimi na mzee mmoja aliyeshusha kofia usoni, nikamtazama, akanitazama, mama yangu wee, ni baba yake Masika, shemasi mzima!

Muganga, na haraka zake, akatuingiza ndani pamoja. "Bote mbili muko na kisonono. Dawa iko, mais banamuke benu banapashwa kunywa pia. Wewe kijana, unalalaka na nani?"

Nikisema, harusi imekufa. Nikinyamaza, Masika atabaki na ugonjwa mwilini, pengine asizae kamwe. Nilimpenda kweli, jamani.

"Na... na mutoto ya huyu papa."

Mzee akafungua mdomo kunigombeza, akaiona karatasi yake mkononi, akaufunga. Muganga alicheka mpaka akashika meza.

Tulirudi juu ya lori moja, magoti yakigusana, kila mmoja na dawa za watu wawili mfukoni. Tulipokaribia mjini, mzee akakohoa.

"Mukwe wangu, ile harusi itafanyika. Donc, mama yake Masika utamuambia wewe. Miye naogopa."

Masika alinizaba kofi moja, akanywa dawa, akaolewa. Mama yake alinizaba mawili, moja langu, moja la mumewe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Naapa, nikiugua tena, mke wangu atajua kabla ya baba yake.