Binti Yangu Ameshika Mkia

Nilikuwa na miaka tisa baba alipofariki, nikaachia shule darasa la pili. Kusoma najua kidogo, lakini jina la mwanangu nalijua.

Juzi binti yangu Neema, mtafiti wa malaria, alitoa makala. Siku hizi kazi za wasomi ziko wazi mtandaoni, nikaifungua kwenye simu. Majina saba, lake la mwisho kabisa!

Wenzake walipokuja nyumbani Madale kumpongeza, nikalipuka. "Nimefyatua matofali maisha yangu yote ili uje ushike mkia?"

Neema akainama. Nikadhani ni aibu, kumbe anabana kicheko.

Kijana mmoja akasema, "Samahani mzee. Kwenye makala zetu, wa mwisho ndiye bosi. Sie sita wote tuko chini yake."

Leo nina nyumba, mashine mbili za matofali, na bosi niliyemgombeza mbele ya wafanyakazi wake.