Dumu Tupu la Bibi

Mpaka leo, mtu akifungua dumu la asali karibu nami, harufu ile ya moshi na maua ya porini ikinifikia, kinachonijia kwanza si utamu. Ni aibu. Tena aibu yenyewe haikuwa hata yangu. Ilikuwa ya baba, nami niliibeba kama mtoto anavyobeba jina la ukoo, bila kuulizwa.

Baba alikuwa mwalimu wa hisabati pale shuleni Itetemia, na mimi, kwa bahati yangu mbaya, nilikuwa darasani kwake. Aliipenda hisabati mpaka ikawa kero. Mama akisonga ugali, yeye yuko mlangoni anauliza unga na maji vina uwiano gani. "Niache nisonge," mama alikuwa akimjibu, "usije ukala huo uwiano."

Asali ilitoka kijijini Ipole, kwa bibi mzaa mama. Bibi alikuwa na mizinga yake mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa kule walilimeza kwa shida, na mama ndiye aliyemuuzia mtaani kwetu. "Asali ya mama yako haina maneno," watu walikuwa wakimwambia. Hilo ndilo jina alilokuwa nalo bibi mjini, na ndilo lililotuvisha sare za shule.

Siku ya somo la uwiano, baba alikuja darasani na dumu la asali, jagi zito la kioo na mizani ya jikoni. Akamimina kikombe kimoja ndani ya jagi, akapima. Akaongeza cha pili, akapima. Cha tatu, cha nne. Niliitwa mimi ubaoni kujaza jedwali na kuweka nukta kwenye grafu, na niliringa kwelikweli. Nukta zilinyooka vizuri. Ila nilipoweka rula nikauteremsha mstari, ukakataa kufika kwenye sifuri. Uliukata mhimili wa uzito huko juu, kama mgeni aliyeamua kuingilia dirishani.

Baba aliutazama. Alikuwa ametoka kutuambia kwamba vitu vyenye uwiano, kimoja kikiwa maradufu na kingine huwa maradufu. Mstari wake huanzia sifuri, na mlinganyo wake ni mfupi: uzito ni namba ileile mara vikombe, basi. Sasa hapa vikombe viwili havikuwa na uzito mara mbili ya kimoja. Angesema "tutaliangalia kesho," yangeisha. Lakini mwalimu mbele ya darasa lililonyamaza! Alicheka kidogo, akasema, "Asali safi haiwezi kufanya hivi. Humu kuna mtu kaongeza kitu."

Lo! Jioni ile maneno yalishafika kila nyumba yenye mtoto wa darasa letu. Kesho yake chupa zikaanza kurudi. Wakubwa waliona haya kuja, wakatuma watoto. "Shikamoo mama. Mama kasema anairudisha hii." Mama aliitikia marahaba, akapokea, akazipanga kizingitini. Mama alimpakulia baba chakula, akageuka. Nyumba ilinyamaza hata kijiko kikigonga sahani tunashtuka.

Baada ya siku kadhaa baba aliamua kupima upya, apate la kujitetea. Aliosha jagi, akalifuta, akaliweka juu ya mizani, akainama kufungua dumu. Nilikuwa nimesimama pale pale. Alipoinua kichwa akauona mshale umeshapanda, na ndani ya jagi hakuna hata tone. Akaliondoa, mshale ukarudi. Akaliweka tena. Kisha akakaa sakafuni, mtu mzima yule, akafunika uso. Siku ile darasani alikuwa amepima asali pamoja na jagi lake.

Kesho yake alichora jedwali upya mbele yetu, akatoa uzito wa jagi kwenye kila namba, na mstari ukashuka ukatulia kwenye sifuri. "Nimekosea mimi," akasema, "na nimemkosea mtu." Wenzangu wote wakageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba wa nani huyu, niliwaza, anayejishusha mbele ya watoto wadogo?

Bibi naye akaja. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemeshani ana kwa ana, kwa hiyo bibi alikaa uani, mgongo akiuelekeza mlangoni, kanga kichwani, na baba akakaa ndani nyuma ya pazia. Walisikiana kila kitu, lakini ilibidi maneno yapitie kwangu.

"Mwambie bibi yako nimekosa. Nilisahau jagi."

"Bibi, baba anasema amekosa. Alisahau jagi."

Bibi aliwafukuza kuku waliopita kati yetu. "Muulize, jagi ni la nani?"

Nikaingia ndani. "Ni langu," baba akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mwambie nimesikia," bibi akasema, akaanza kukunja mkeka.

Wateja walirudi polepole, na asali ikaendelea kuja. Ila tangu siku ile, kila dumu lililojaa lilikuja limefungwa kamba moja na dumu tupu lililooshwa, na ujumbe: "Hili apime kwanza." Nilicheka mpaka machozi. Mimi na bibi tulikuwa watani. Aliniita mke mwenziwe, nami nikimfichia ugoro wake. Baba alilipokea dumu tupu kwa mikono miwili, akalipima, akautaja uzito kwa sauti ili mleta mzigo akamwambie bibi.

Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba hata asali iliyochakachuliwa, ukiiongeza maradufu, uzito nao huwa maradufu. Grafu ile haikuwa na uwezo wa kusema chochote juu ya bibi. Ilisema juu ya jagi letu tu.

Bibi alipofariki, mjomba alituletea asali ya mwisho kwa baiskeli. Baba alipokea dumu lililojaa, akazunguka nyuma ya baiskeli kutafuta lile tupu, akalikosa, akabaki amesimama pale. Kwetu bibi hutaniana na mjukuu. Lakini na mkwe wake hana utani kabisa. Baba alijua tangu dumu la kwanza kwamba ule haukuwa mzaha. Mimi ndiye niliyecheka miaka yote ile.